Kutuma vifaa tiba vya ziada nyumbani kutoka Marekani: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yale yale kila wiki. "Dada, kazini kwetu wanatupa glovu maboksi kwa maboksi, nazifikishaje zahanati ya kijijini?" "Nina vitanda vinne vya wagonjwa garajini, kontena ni bei gani?" "Mzee wetu kafariki, dawa zake zimebaki nyingi tu, naweza kumpa mtu anayesafiri?" Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu, sasa naandika yote sehemu moja, soma mpaka mwisho halafu uniulize lile ambalo halimo.

Mimi ni msaidizi wa muuguzi huku Ohio, natunza wazee. Na kikundi chetu cha kina mama tunatuma vifaa zahanati moja milimani Lushoto, mkoa wa Tanga, Tanzania, na nyingine mbili za jirani. Mzigo wetu wa kwanza ulikuwa mapipa sita, tuliyajaza kwa mapenzi kabisa, kila mtu kaleta alichonacho. Yalipofika mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, akanipigia video akanionyesha stoo: pampasi za watu wazima zimefika darini, mipira ya mkojo ya saizi ambazo hawatumii, mashine 14 za kupima sukari ambazo stripu zake, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, hazipatikani Tanga nzima na zile tulizotuma zilikuwa zimebakiza miezi mitatu kuisha muda. Halafu akageuza simu upande wa chumba cha wajawazito. Kipimo cha presha kimoja, mkanda wake velcro imekufa haishiki tena, nesi anaufunga kwa bendeji ndo apime. Hiyo bendeji sijaisahau. Mkanda mpya ni kitu kidogo mno, na hatukuwa tumeuliza.

Kwa hiyo mwongozo huu wote umesimama hapo: unaanza na orodha ya wanaopokea, huanzi na kilichojaa garajini kwako.

KABLA HUJAANZA, UWE NA HIVI

Mtu wa upande wa pili mwenye mamlaka ya kupokea. Shangazi yako si mtu huyo, hata kama nyumba yake imepakana na zahanati. Namaanisha mganga mfawidhi wa kituo, na DMO, yaani mganga mkuu wa wilaya, awe anajua, kwa sababu kituo ni cha halmashauri na kila kifaa kinachoingia kinatakiwa kiwe kwenye vitabu vyao.

Sehemu kavu ya kuhifadhia isiyoganda. Garaji ya Ohio mwezi wa kwanza inagandisha kila kitu, na stripu za sukari, vipimo vya haraka na chochote chenye maji ndani vinaharibika bila wewe kuona tofauti kwa macho.

Pesa ya safari nzima. Watu wanahesabu meli tu. Hesabu lori la kufikisha mzigo bandarini huku, meli, gharama za bandari kule, wakala wa forodha, lori la kupanda mlimani, na watu wa kushusha. Weka na akiba, kwa sababu siku moja itahitajika.

Muda. Mzigo wetu wa haraka kuliko yote ulichukua miezi minne tangu tupate orodha mpaka boksi la kwanza kufunguliwa zahanati. Mwingine umechukua karibu mwaka.

Na vitu vidogo: mizani, tepu ya kupimia, maka peni, maboksi mapya yenye nguvu, na Excel au hata daftari.

HATUA ZENYEWE

1. Piga simu uombe orodha, na uwape ruhusa ya kukataa

Hapa kaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Usiulize "mnahitaji nini?" kwa sababu jibu litakuwa "chochote dada, tutashukuru". Watu wetu hawakatai zawadi, mtu akiletewa kitu anapokea kwa mikono miwili hata kama hana pa kukiweka, ni adabu. Sasa adabu hiyo ndo inajaza stoo. Waambie kabisa kwa mdomo wako, "mganga, ukisema hiki hatukihitaji unakuwa umetusaidia, tutampa mwingine."

Halafu uliza maswali ya kazi: Kina mama wangapi wanajifungua hapo kwa mwezi? Kitu gani kinaisha kwanza kabla ya mgao unaofuata kufika? Kuna umeme wa Tanesco, sola, au hamna? Unakatika mara ngapi? Maji yapo ndani au yanabebwa? Nani anajua kutumia mashine hii, na akihamishwa nani atabaki? Fundi wa vifaa tiba wa karibu yuko wapi? Mama anayekuja kujifungua anaambiwa aje na nini mwenyewe? Hili swali la mwisho linafungua mengi, maana ukisikia mama anatakiwa aje na glovu, pamba, kibano cha kitovu na mpira wa kulalia, tayari nusu ya orodha unayo.

Omba picha pia. Picha ya soketi ukutani, ya mashine waliyonayo, ya mlango wa chumba na upana wake. Kuna kitanda kimoja cha umeme kilikaa barazani kwa sababu hakikupita mlangoni.

Na angalia ngazi ya kituo. Zahanati haifanyi upasuaji mkubwa, kwa hiyo nyuzi za kushonea tumbo na vifaa vya theatre havina kazi pale, hivyo vinaenda kituo cha afya chenye theatre au hospitali ya wilaya. Mfawidhi wa zahanati anaweza kukuunganisha nao.

2. Jiulize kama si bora kununua kule kule

Najua wengi hawapendi kusikia hili, lakini lisemwe. Glovu, pamba, sirinji, gozi, spiriti, vyote vinauzwa Dar. Boksi la glovu ni kubwa, jepesi na la bei ndogo, ukilisafirisha kwa ndege unakuwa umelipa nauli kuliko glovu zenyewe. Tanzania kuna Bohari ya Dawa, MSD, na maduka ya jumla yaliyosajiliwa. Kenya kuna wasambazaji wanaoitwa MEDS, Uganda kuna JMS, ambao wanahudumia sana vituo vya mashirika ya dini. Mara nyingi ukituma hela kituo kinunue kwa risiti mzigo unafika wiki hiyo hiyo na lebo zake wanazisoma.

Vinavyostahili safari ya meli ni vile vizito vinavyodumu na vya ghali kule: vitanda vya kujifungulia, vitanda vya wagonjwa vya kuzungusha kwa mkono, magodoro yenye kava la plastiki, viti mwendo, magongo, taa za uchunguzi, mizani ya watoto, mashine za presha za kupampu kwa mkono, na vyuma vya theatre, yaani mikasi, vibano, treyi, zile za chuma kisichoshika kutu. Mkasi mzuri wa kitovu unachemshwa miaka na miaka. Ukikutana na seti za vyuma usiziache.

3. Pata vifaa kwa njia halali

Sikia hili vizuri kwa sababu linagusa kazi yako. Usichukue kitu kazini bila barua, hata kama kiko kwenye pipa la taka, hata kama meneja kasema "chukua tu". Kuna watu wamepoteza kazi kwa boksi la plasta. Andika barua ya ukurasa mmoja, mpe msimamizi, useme unataka nini, kinaenda kituo gani, nani anapokea. Wakikubali wakuandikie, na hiyo karatasi uitunze, utaihitaji tena hatua ya 7.

Kwa nini hospitali za huku zina ziada kiasi hiki? Kifaa kikishaingia chumba cha upasuaji, hata kama hakijafunguliwa, mara nyingi hakirudi stoo. Hospitali ikibadilisha kampuni inayowauzia, vya zamani vyote vinatolewa. Na mgonjwa wa nyumbani akifariki familia inabaki na kitanda, kitimwendo na maboksi ambayo hayajafunguliwa. Familia hizo ni wafadhili wazuri sana, waombe kwa upole, usiende siku ya tatu baada ya msiba.

Kama wewe ni mmoja au wawili huna kikundi, nenda kwa mashirika yanayofanya kazi hii kila siku. Project C.U.R.E. ya Colorado wapo tangu 1987 na wanapima mahitaji ya kituo kabla ya kutuma. MedShare walianza 1998 huko Georgia. Wapo pia Afya Foundation wa Yonkers, New York, wa tangu 2007, na jina lao ni hilo hilo neno letu, mwanzilishi aliliokota baada ya safari ya Tanzania. Kila shirika lina utaratibu wake na mengine yanataka mchango wa gharama za kontena, lakini wanachambua, wanapima na wanajua makaratasi. Kujiunga nao si aibu. Kwa mtu anayetuma mara moja tu maishani, mimi ningesema aende kwao moja kwa moja.

4. Chambua, bila huruma

Weka mafungu matatu sakafuni: kinakwenda, kinarudi kwa aliyetoa au kwa shirika lingine, kinatupwa. Kisichokuwa kwenye orodha ya mfawidhi hakiingii fungu la kwanza, hata kama ni kizuri namna gani.

Tarehe. Mwongozo wa WHO wa misaada ya dawa, uliotoka mara ya kwanza 1996, unataka dawa iwe na angalau mwaka mmoja wa kutumika siku inapofika. Sisi tunatumia kipimo hicho hicho kwa kila kitu chenye tarehe. Fanya hesabu: safari ikiwa miezi sita, basi siku unapofunga boksi kiwe kimebakiza miezi 18. Alama ya kuangalia kwenye pakiti ni ile ya saa ya mchanga, pembeni yake ndo kuna tarehe ya mwisho. Tarehe iliyo karibu na alama ya kiwanda ni ya kutengenezwa, watu wanazichanganya kila siku. Na Wamarekani wanaanza na mwezi, kwa hiyo 03/04/2027 huku ni tarehe 4 mwezi wa tatu, nesi wa Lushoto ataisoma tarehe 3 mwezi wa nne. Andika upya juu ya boksi kwa maneno: "Mwisho: 4 Machi 2027".

Namba 2 iliyokatwa mstari ndani ya duara maana yake kitumike mara moja tu. Kikishafunguliwa basi, hata kama hakijamgusa mgonjwa.

Pakiti tasa, yaani zile za vitu visivyo na vijidudu: iinue kwenye mwanga, tafuta tundu, mkunjo uliopasuka, doa la maji. Ukiwa na shaka tupa.

Jina la mgonjwa. Maboksi yanayotoka majumbani yana lebo yenye jina, tarehe ya kuzaliwa na anuani ya mtu. Ng'oa au funika kwa maka nyeusi kabisa. Mashine zenye kumbukumbu zifutwe.

Zebaki usitume, si kipimajoto wala mashine ya presha ya zebaki. Dunia inaviondoa hivi, mkataba wa Minamata uliweka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuviuza kati ya nchi na nchi, na kikivunjika zahanati hawana namna ya kuisafisha ile sumu.

Sasa dawa. Ndugu yangu, dawa za marehemu, dawa zilizobaki nyumbani, sampo kutoka kwa daktari, usitume. Hakuna anayejua zilikaa kwenye joto gani, na huku kugawa dawa za mtu ni kosa kisheria. Dawa za maumivu makali na za usingizi zinaweza kumpeleka jela yule ndugu uliyempa azibebe, na hata hakujua amebeba nini. Nia nzuri iliwahi kuumiza watu: baada ya tsunami ya Desemba 2004 jimbo la Aceh, Indonesia, lilimwagiwa tani karibu 4,000 za dawa kwa watu wapatao milioni mbili, nyingi lebo zake wenyeji hawazisomi, na walioachiwa mzigo wa kuziteketeza ni wao wenyewe waliotoka kuzika ndugu zao. Bosnia wakati wa vita ya 1992 mpaka 1996 ilikadiriwa tani kama 17,000 hazikufaa. Dawa waachie wafamasia.

5. Angalia umeme na vipimo

Hapa ndo mashine nyingi zinafia. Utafiti wa Perry na Malkin wa 2011 ulikuta kama asilimia 40 ya vifaa vya hospitali kwenye nchi zenye uwezo mdogo vimesimama, havifanyi kazi.

Umeme wa Marekani ni volti 120, hezi 60. Tanzania ni volti 230, hezi 50. Geuza mashine usome kibati cha nyuma. Kikiandikwa 100-240V, 50/60Hz hiyo ni salama, inataka plagi tu, ile ya pini tatu za bapa kama ya Uingereza. Kikiandikwa 120V, 60Hz, simama. Watu wananiambia "nitanunua transfoma". Transfoma inashusha volti, hezi haizigusi. Mashine ya taa au ya kompyuta inaweza kuvumilia, lakini yenye mota au kompresa, kama mashine ya kutengeneza oksijeni au ya kunyonya makohozi, itazunguka polepole, itapata moto, na oksijeni inaweza kutoka pungufu huku mtoto kawekewa na kila mtu anaamini anapata. Mimi mashine ya oksijeni ya hezi 60 situmi tena, natafuta ya 230V 50Hz tangu mwanzo au situmi kabisa. Na uliza umeme wanalipaje, ya lita tano inakula kama wati 350 usiku kucha, hiyo ni luku ya nani?

Vipimo navyo: sukari huku inasomwa kwa mg/dL, nyumbani kwa mmol/L. 126 ya huku ni 7 ya kule, unagawa kwa 18. Nesi aliyezoea 7 akiona 126 kwenye kioo atapata mshtuko, au akiona haraka haraka atasoma vingine. Kama mashine haibadilishiki, usitume, na stripu zake zisipopatikana kule pia usitume. Kipimajoto kiwe cha Selsiasi, mizani iwe ya kilo. Presha haina shida, mmHg ni ile ile. Vichwa vya mitungi ya oksijeni vya Marekani mara nyingi havishikani na mitungi ya kwetu, omba picha kwanza.

6. Safisha, jaribu, weka vipuri

Kila mashine iwashwe, ifanye kazi mbele ya macho yako walau saa nzima. Isiyowaka huku haitapona baharini. Futa kwa dawa, kausha, funga pamoja waya, fyuzi za akiba, vichujio vya mwaka mzima, na kitabu chake. Halafu andika karatasi moja ya Kiswahili: inawashwaje, inasafishwaje, taa nyekundu ikiwaka ufanye nini. Ipige plastiki, ifunge kwa kamba kwenye mashine yenyewe. Kitabu cha Kiingereza cha kurasa 80 kinafungiwa kabatini ofisini, karatasi yako itabaki pale pale kitandani.

7. Makaratasi, kabla mzigo haujaondoka

Nimeona mzigo unaondoka kwanza halafu watu wanaanza kuulizia vibali uko katikati ya bahari. Usifanye hivyo.

Tanzania vifaa tiba na dawa vinasimamiwa na TMDA, zamani ikiitwa TFDA. Kibali cha kuingiza kinaombwa na upande unaopokea au wakala wao, kwa kutumia orodha utakayowapa, na kinatoka kabla meli haijaondoka. Kenya ni Pharmacy and Poisons Board, Uganda ni NDA, Rwanda ni Rwanda FDA, taratibu haziko sawa kwa hiyo uliza ya nchi husika.

Karatasi utakazohitaji: barua ya kituo kuomba msaada huo, hati yako ya zawadi, orodha ya mzigo boksi kwa boksi, ankara yenye thamani, na hati ya meli. Kwenye thamani usiandike sifuri kwa sababu ni zawadi, weka bei ya haki. Na usiandike "vifaa mbalimbali vya hospitali". Andika "Boksi 17: mikanda ya presha ya mtu mzima, 20, mipya". Jina la mpokeaji liwe lile lile herufi kwa herufi kwenye karatasi zote.

Msamaha wa kodi hauji wenyewe kwa sababu ni msaada. Unaombwa, una barua zake, una muda wake. Tafuta wakala wa forodha aliyewahi kutoa mzigo wa hospitali, muulize ni lini na ni wa nani, na umpe nakala zote mapema aseme kipi kinapungua.

8. Pakia

Kontena la futi 20 lina nafasi ya kama mita za ujazo 33, la futi 40 kama 67. Ukiwa na mzigo mdogo changia na wengine, ila uchague wenzio vizuri, maana karatasi za mmoja zikiwa na kasoro kontena zima linasubiri.

Vizito chini, vyepesi juu, vitakavyotumika kwanza karibu na mlango. Boksi lisizidi kilo 20, kipande cha mwisho kule kwetu lori halipandi, litabebwa kichwani na mtu. Namba ya boksi iandikwe pande tatu. Paleti za mbao ziwe na muhuri wa ISPM 15, yaani kanuni ya kimataifa inayotaka mbao zitibiwe kuua wadudu.

Na usichanganye. Hakuna TV ya kaka, hakuna nguo za watoto, hakuna "naomba unitilie hii kidogo tu". Vitu binafsi ndani ya mzigo wa msaada vinaharibu msamaha wa wote, na jina linaloandikwa vibaya ni la zahanati. Hili nimegombana nalo na watu ninaowapenda.

9. Kupokea

Siku ya kufungua wawepo mfawidhi, mtu wa kamati ya afya ya kituo na mtu wa serikali ya kijiji. Wahesabu kwa orodha, waingize kwenye leja, wasaini, wakupigie picha ya leja. Picha za vifaa zinatosha, mama aliyelala wodini usimuweke kwenye grupu la WhatsApp ili wachangiaji wafurahi, hajakuruhusu.

Uliza taka zitakwenda wapi. Ukituma sindano elfu, zikishatumika zinahitaji maboksi ya kutupia na kichomea taka kinachofanya kazi. Kama kichomea kimebomoka, huenda matofali na fundi ndo msaada unaotangulia.

10. Rudi kuuliza

Baada ya miezi mitatu, kisha sita. Kipi kinatumika, kipi kimekaa, kipi kimeharibika. Majibu hayo ndo orodha ya mzigo unaofuata.

IKIKWAMA

Mzigo umezuiwa bandarini. Usianze kutuma hela ovyo kwa kila anayepiga simu. Muombe wakala akuandikie kwa imeili ni karatasi gani inakosekana na nani anaitoa. Mfawidhi amwambie DMO, barua ya halmashauri inafungua milango ambayo simu yako ya Ohio haiwezi. Gharama za kuhifadhi na za kuchelewesha kontena zinapanda kila siku, ile akiba niliyosema ndo siku yake.

Kazini wamekataa. Waulize kama wanashirikiana na shirika lolote la kukusanya ziada. Kama hapana, wapelekee jina la shirika, sio jina lako. Hospitali nyingi zinaogopa kumpa mtu binafsi lakini shirika lililosajiliwa zinalipatia vifaa.

Mashine imefika haiwaki. Soketi ijaribiwe kwa taa kwanza, halafu fyuzi ya kwenye plagi, halafu fyuzi ya nyuma ya mashine. Kama ilichomekwa moja kwa moja kwenye 230 nayo ni ya 120, izimwe, asiiwashe mtu tena, aitwe fundi wa vifaa tiba wa wilaya au mkoa.

Vimekuja vingi kuliko matumizi. Mfawidhi ahamishe kwenda kituo kingine kupitia DMO, kwa maandishi, mapema, isisubiriwe mpaka tarehe ibakize mwezi.

Umesikia vifaa vinauzwa mtaani. Usimtuhumu mtu kwenye grupu. Omba leja ilinganishwe na stoo mbele ya kamati. Mara moja tuliambiwa hivyo na tulipohesabu vyote vilikuwepo, nesi wa watu alikuwa ameshalia siku mbili.

Kitimwendo kimekaa hakitumiki. Vile vya hospitali za huku vina magurudumu madogo ya mbele, kwenye sakafu ya vigae vinateleza vizuri lakini kwenye njia ya udongo ya Lushoto mvua ikinyesha vinazama. Uliza kwanza mtu anaishi wapi na anapita wapi, na umpime upana wa nyonga kabla hujamchagulia, kiti kipana mno kinampa vidonda. Vya matairi ya kujaza upepo tuma na tyubu mbili mbili za akiba na pampu. Kule kwetu yupo fundi baiskeli sokoni anayeziba pancha zake, tulimtumia seti ya spana za inchi kwa sababu nati za Marekani spana zake za milimita zilikuwa zinazikata vichwa.